Kisanduku Kilichobaki Wazi

Gorreti alipiga simu kutoka Mbale Jumanne asubuhi. Hakusalimia.

"Ridwan, mimi niliandika kumi. Kwenye mstari wa mzee Romano niliandika kumi. Programu yako inasema ishirini na nane."

Gorreti alikuwa muuguzi katika kliniki ndogo ya kisukari huko Namatala, mtaa wa Mbale. Programu hiyo aliitengeneza Ridwan chumbani kwake Nalufenya, Jinja: jedwali la wagonjwa, kila mmoja na mstari wake, na kwenye kila mstari kisanduku cha dozi ya insulini. Mzee Romano, askari magereza mstaafu, figo zake zilikuwa zimedhoofika, na daktari alikuwa ameagiza dozi yake ishuke kutoka ishirini na nane hadi kumi. Muuguzi wa zamu iliyofuata alisoma kwenye kompyuta, akamdunga ishirini na nane. Mzee alizimia kabla hajafika getini. Walimwahi kwa glukosi, akafumbua macho. Gorreti akasimamishwa kazi.

"Labda ulikuwa umechoka, sista," Ridwan alisema. "Mtu akichoka anaruka mstari."

Gorreti alikata simu.

Siku mbili Ridwan hakutulia. Aliandika kumi, akabofya huku na kule, akapanga majina upya, akafunga programu na kuifungua. Kumi ilibaki pale pale alipoiweka. Alitoka nje mpaka barabarani, akarudi, akaandika kumi tena. Chai ilipoa mara tatu. Alhamisi asubuhi alipanda basi kwenda Mbale.

Daktari Mafabi, mwenye kliniki, aliruhusu Gorreti aingie kwa saa moja tu, naye akasimama nyuma yao, mikono kifuani.

"Usinieleze," Ridwan alimwambia Gorreti. "Fanya kama unavyofanya siku zote."

Gorreti alibofya kisanduku cha Romano, akaandika kumi. Kisha, bila kugusa kitufe kingine, akabofya neno "Jina" juu ya jedwali ili majina yajipange kwa herufi, kama alivyozoea kila mgonjwa mwingine alipofika dirishani. Mistari ikahama. Kisanduku kilichokuwa wazi hakikuhama. Kilibaki mahali pake kwenye kioo, na mstari mwingine ukaja chini yake. Kumi ikaingia hapo.

"Huyo ni nani?" Mafabi aliuliza.

"Hajara," Gorreti alisema polepole. "Hajara anatakiwa kupata thelathini na mbili."

Mafabi alishusha mikono, akatoka mbio kwenda wodini. Hajara alikuwa na siku nne za kiu isiyoisha, sukari ikipanda kwa dozi ya kumi, na hakuna aliyejua kwa nini. Walimrudishia dozi yake siku hiyo hiyo. Kisha wakatoa kadi zote za karatasi na kuzilinganisha na kompyuta, jina kwa jina, hadi saa tisa alasiri. Hawakupata kosa lingine, lakini Ridwan alihesabu kadi mara mbili.

Hakulitengeneza jedwali hilo kutoka mwanzo. Alilichukua kwenye maktaba ya programu, ule mkusanyiko wa vitufe, madirisha na majedwali ambao watu wa nchi nyingi huutunza pamoja na kuutumia bure, na ambao hufanya kazi kwenye mifumo ya kompyuta ya Windows na Linux vilevile. Ila haikuwa vilevile. Kwenye Windows, aliyotumia Ridwan, kubofya kichwa cha jedwali kulifunga kisanduku kwanza na kuhifadhi namba. Kwenye Linux ya kliniki, kisanduku kilibaki wazi. Alipotafuta ni nani aliyeongeza sehemu ya kupanga mistari, alikuta jina lake mwenyewe. Aliichangia miaka miwili iliyopita, akajisifu kwa marafiki.

Alirekebisha akiwa kwenye benchi la kliniki. Kisanduku kifungwe kabla mistari haijasogea. Na namba imfuate mgonjwa, si nafasi yake kwenye kioo. Akaiweka programu iliyorekebishwa kwenye kompyuta ya kliniki, akaituma na kwa wasimamizi wa maktaba. Mmoja wao alijibu kwamba badiliko ni kubwa, litagusa programu za watu wengi, kuna haraka gani? Ridwan alimwandikia habari za Romano na Hajara. Sehemu ya kwanza ilikubaliwa kabla ya jua kuzama. Ya pili iliendelea kujadiliwa kwa wiki tatu.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Romano.

"Afande, kosa lilikuwa langu. Si la musawo Gorreti."

Mzee alimtazama. "Miaka thelathini nimekaa na wafungwa. Wote walisema si mimi. Wewe unakuja mwenyewe. Unataka nini?"

"Sista arudi kazini."

"Basi mimi unaniambia ya nini? Andikia Mafabi. Barua, na jina yako chini."

Ridwan aliandika pale pale mezani. Romano alivaa miwani, akasoma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Hapa unasema hitilafu ilitokea. Nani alifanya?"

Ridwan alifuta, akaandika: nilifanya.

Gorreti alirudi kazini Jumatatu. Ridwan alikuwa bado Mbale, akamfuata kliniki kuomba msamaha kwa lile neno la uchovu. Gorreti alimsikiliza bila kuinua macho.

"Nimesikia," alisema. "Ile mpya umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Simama hapo nijaribu."

Alianza kubofya. Akaandika kumi, akapanga majina. Akaandika thelathini, akapanga tarehe. Kila namba aliilinganisha na kadi iliyokuwa mkononi mwake. Ridwan alisimama nyuma yake mpaka saa ya chakula, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akitazama mistari ikisogea.