Bei Huteremka Mgeni Akishanawa Mikono

Bi Mwanatumu wa Msambweni alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kumkatalia neno mtu aliyekula kwake. Ndivyo alivyolelewa. Mgeni akishanawa mikono, hubishani naye. Ugonjwa huo Duncan, mnunuzi wa supamaketi moja kubwa ya Diani, aliugundua siku ya kwanza alipokuja kutazama achari yake ya maembe. Tangu hapo, wallahi, hakupanga mkutano ila saa saba mchana.

Mara ya kwanza alikula wali wa nazi na changu wa kupaka, akajipangusa mdomo, akasema, "Mama, soko imekuwa ngumu. Hii chupa ya mia na hamsini tufanye mia na thelathini." Bi Mwanatumu akasema hewala. Mara ya pili alimaliza kuku wa watu, paja na kidari, kisha akataka mia na kumi, pamoja na katoni mbili za bure za kuonjesha wateja. Hewala tena! Wiki ile ile Twaiba, aliyemenya naye maembe kwa miaka sita, ikabidi aachishwe kazi. Bi Mwanatumu alimwambia mwenyewe, na akalia kuliko Twaiba.

Safari ya tatu Duncan alipiga simu: sasa yatakiwa tisini, atakuja wazungumze. Wazungumze nini? Maembe, siki, pilipili na chupa yenyewe ni tisini na tano. Tisini ni kuzima jiko, basi.

"Dada, mpige kalenda mpaka Ramadhani," Twaiba akamwambia. "Tuone atajadiliana na sahani gani."

Akampiga kalenda, leo kesho, leo kesho. Mwezi ulipoandama, akaacha kabisa kupeleka mzigo Diani, akampa Twaiba chupa zile aziuze mezani kando ya barabara ya Lunga Lunga. Madereva wa malori walizinunua kwa mia na hamsini bila kumwambia mtu habari za soko.

Duncan akafika saa saba kamili, tumbo tupu makusudi. Meza tupu, jiko baridi.

"Tumefunga, mwanangu," Bi Mwanatumu akasema, na ulimi ukamfunguka kama yuko sokoni ananunua samaki. "Mia na hamsini. Na za kuonjesha mtalipa!" Duncan akatazama jikoni mara mbili, akasema atarudi.

Na kweli akarudi, lo! Adhana ya magharibi inalia, yeye mlangoni na pakiti ya tende yenye kibandiko cha ofa. Nani humfukuza mtu kwenye futari? Bi Mwanatumu akamkaribisha huku roho ikimuuma, maana alijijua. Duncan akala mbaazi, akala mahamri manne, akavuta muhogo wa nazi. Karatasi ya mkataba wa tisini, aliyokuja nayo mfukoni, ilikuwa tayari chini ya sahani yake.

"Mama, na achari je? Muhogo bila achari haishuki."

Chupa zilikuwa kabatini. Bi Mwanatumu aliinuka, akaishika moja, akasimama nayo. Ebo! Hii si chakula. Hii ni bidhaa.

"Futari ni ya mgeni, kula ushibe," akasema. "Achari ni biashara. Mia na hamsini."

Duncan akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. "Si ningebeba ya kazini."

"Kazini kwenu zimekwisha tangu Jumatatu."

"Basi nipunguzie, Mama. Mia na thelathini."

"Nyinyi mwaiuza mia mbili na themanini, na hujamwambia mteja hata mmoja kuwa soko ni gumu."

Duncan akautazama muhogo, akaitazama karatasi, akatoa pochi. Twaiba, aliyekuwa akifuturu nao, alipokea noti ya mia mbili, akamrudishia chenji yake, hamsini kamili.

"Na katoni ni bei hiyo hiyo," Bi Mwanatumu akasema, akimfungulia chupa kwa mkono wake mwenyewe. "Kesho pia karibu ufuturu, mwanangu. Karatasi iache Diani."