Vidonge Vinane Vilivyobaki

Nilipoingia ndani asubuhi ile, Gervas hakunijua. Mume wangu alinitazama kama mpita njia, akaniuliza mbuzi nimewafunga wapi. Hatujawahi kufuga mbuzi.

Nilikuwa nimeshuka mjini na karoti zilizokwisha kung'olewa, zisizoweza kungoja. Juzi nilipoondoka alikuwa na homa, lakini akitembea na kutania. Nesi alimpa dawa ya mseto ya malaria, vidonge ishirini na vinne: vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku tatu. Sasa macho yalikuwa ya njano, mvua ilipiga bati, na mteremko wote hadi barabarani ulikuwa utelezi mtupu.

"Tumshushe hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

Oscar, mdogo wake, aliinua pakiti ya dawa. "Shemeji, tulia. Vimebaki vinane. Wewe mwenyewe uliniachia kipimo: akimeza sawasawa, vinavyobaki vitagawanyika kwa nne. Nane inagawanyika. Basi amemeza, tuipe dawa nafasi. Tukimbeba kwenye tope hili tutamwangusha korongoni."

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Korongo lile nalijua.

"Nilisema hivyo," nilijibu. "Sikusema vikigawanyika, basi amemeza sawasawa."

"Si kitu kilekile?"

"Sicho. Kilicho sawa na maneno yangu ni hiki: visipogawanyika, hakumeza sawasawa. Hapo vidonge vingetuambia kitu. Vikigawanyika, vinanyamaza."

"Ee, shemeji na masomo yako ya redioni! Kaka anaweweseka, wewe unafundisha hesabu."

Nikajilazimisha kusema polepole. "Basi la kutoka Morogoro kwenda Dodoma linapita Dumila. Kweli?"

"Kweli."

"Kwa hiyo lisilopita Dumila haliendi Dodoma. Sasa umesimama Dumila, basi limetokea. Utapanda tu, ukijua utafika Dodoma?"

Oscar amewahi kuuza vitunguu pale njia panda. "Mengine yanakata kwenda Kilosa," alisema.

"Na nane hii huenda imekata kwenda Kilosa."

Mama mkwe, Mama Eufrazia, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimkanda Gervas kwa kitambaa. Nilipiga magoti karibu yake.

"Mama, vilitoka vinne kila mara?"

"Vinne, mwanangu. Sikukosea hata mara moja."

"Na vyote alimeza Gervas?"

Kitambaa kilisimama. Kutoka chumba cha pili, baba mkwe alikohoa kikohozi kirefu.

"Mzee naye alianza kutetemeka jioni ile uliyoondoka," alisema. "Vile vya asubuhi ulivyompa Gervas wewe mwenyewe, alivimeza vyote. Baada ya hapo nikampa huyu viwili, na yule viwili. Ningemwacha nani?"

Katika nyumba ile hata kiazi kimoja hukatwa mara mbili. Vinne vilitoka kila mara, hesabu ikabaki safi, na ugonjwa ukapanda kichwani kwa mume wangu.

Oscar aliitupa pakiti kitandani. "Machela ni moja," alisema. "Na wanaume wa kubeba, nikibahatika, nitapata wanne. Wagonjwa ni wawili."

"Mchukueni Gervas," mama alisema. "Mzee bado anajua jina langu. Mimi nitakaa naye hadi mrudi."

Oscar akatoka mbio kwenye mvua, akiita majina ya majirani. Walipofika tulimfunga Gervas kwa khanga zangu asiporomoke. Alikuwa akipambana nasi, akitutukana kama wezi. Tulipomwinua, mama alinishika mkono.

"Devotha. Akifa, ni mimi?"

Wabebaji walikuwa wakiteleza chini ya uzito.

"Shika mlango, mama," nilimwambia. "Tupite."