Mate ya Kwandu

Fredrick alifika Nkoma kwa pikipiki ya kukodi, akamkuta Kwandu shambani, kanga kiunoni, anachuma pamba. Tangu Kwandu aachane na kaka yake Fredrick, yule Anatoli, shemeji huyu hakuwahi kukanyaga pale hata kwa bahati mbaya. Kwandu alimwona tangu yuko mbali, na moyo ukamwambia hakuna heri inayokuja na uso ule.

"Mwangaluka, mayu," Fredrick alisalimia.

"Mwangaluka. Sema."

Hakusema. Alianza na mvua, akaenda kwenye bei ya pamba, akauliza habari za mifugo. Ndivyo walivyo watu wa aina yake, habari mbaya lazima waitangulizie ng'ombe. Mwisho akaitema. Wiki mbili zilizopita lori la samaki liligongana na gari la mafuta karibu na Lamadi, yote mawili yakawaka. Watu watatu waliteketea wasitambulike. Mmoja wao alikuwa Sylvester, utingo wa lori lile.

Sylvester, mtoto pekee aliyewahi kutoka tumboni mwa Kwandu. Siku alipofukuzwa kwa Anatoli, ukoo ulimwambia aondoke mikono mitupu, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa na mtoto ni wa waliotoa ng'ombe. Mtoto alikuwa na miaka minne. Aling'ang'ania gauni la mama yake mpaka wakambandua vidole kwa nguvu, na aliyembandua ni huyuhuyu Fredrick.

Kwandu hakulia. "Wiki mbili," alisema. "Mwanangu kafa wiki mbili, mimi niko hapa nachuma pamba. Umekuja kunipa msiba, au kuna kitu mnataka?"

Fredrick akainamisha kichwa. "Hospitali wanahitaji mate yako."

Kwandu alilichukua lile furushi la pamba alilochuma asubuhi nzima, akamtupia usoni. Pikipiki ya Fredrick hakuipanda. Kesho yake alikwenda Bariadi kwa nauli yake mwenyewe.

Hospitalini aliwakuta Anatoli na wazee wa ukoo wamejipanga kwenye benchi. Mtaalamu wa maabara alikuwa binti kutoka Kilimanjaro, anaitwa Judica. Alimpokea Kwandu kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Nisamehe kwa kuchelewa kukutafuta. Mimi niliambiwa umefariki."

Kwandu akageukia benchi. "Nani aliyenizika?"

Anatoli alikohoa, akatazama viatu vyake. Mwanamume mzima, ndevu zimejaa mvi, anamuua mtu kwa mdomo halafu anakohoa!

Judica alimkalisha Kwandu, akamweleza taratibu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna DNA, alisema, imekaa kama ngazi ndefu iliyosokotwa, na vidato vyake ndivyo vinavyobeba maagizo ya jinsi mtu anavyoumbwa. Nusu ya urithi huo mtu hupewa na baba, nusu na mama. Ila moto mkali unazikatakata ngazi hizo. Maabara walilinganisha mifupa ya wale watatu na damu ya Anatoli, wakaambulia vipande visivyosema kitu.

"Lakini kuna DNA nyingine," Judica akaendelea. "Ni fupi, imejifunga duara, na chembe moja inaweza kuwa na nakala zake mamia. Nyingi zikiungua, chache zinaweza kubaki. Hiyo mtoto hairithi kwa baba. Anaipata kwa mama yake."

Kwandu akawatupia jicho wale wa benchi. "Rudia hapo mwisho, binti yangu. Kwa sauti, wale pale wasikie."

Judica akarudia.

Ilimjia kukataa, tena ilimjia kwa nguvu. Angewaachia mifupa yao wakae nayo, wasijue wamlilie yupi. Ng'ombe wao si wapo? Wakawachukue mate ng'ombe. Lakini Sylvester angefukiwa bila jina kati ya wageni, na safari hii mama yake ndiye angekuwa amemwacha. Akafungua kinywa. Judica akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, kulia na kushoto, basi.

Majibu yalipotoka, mmoja kati ya wale watatu alilingana na Kwandu. Wakamchukua wakaenda kumzika kwa Anatoli.

Msibani hakuna aliyemwonyesha Kwandu pa kukaa. Alisimama nyuma ya turubai pamoja na wapita njia. Fredrick akashika kipaza sauti kusoma wasifu.

"Marehemu Sylvester alikuwa mtoto wa mzee Anatoli na mama Wilhelmina—"

Wilhelmina! Mke aliyeletwa Kwandu akiwa bado yuko ndani!

Kwandu alipita katikati ya watu mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Fredrick, ngoja. Mnayemzika ni mtoto wa Wilhelmina?"

Fredrick akarudisha macho kwenye karatasi ya wasifu.

"Basi huyu siye, mmekosea maiti. Aliyemo humu ametambuliwa kwa mate yangu, si ya mwingine. Kamtafuteni mtoto wa Wilhelmina mmzike. Huyu wa kwangu nipeni, niende naye Nkoma."

Wazee walianza kunguruma. Mmoja alisema mwanamke atolewe, lakini vijana waliobeba jeneza hawakusogea. Wilhelmina mwenyewe ndiye aliyeinuka mkekani, macho mekundu. Yeye ndiye aliyemlisha yule mtoto miaka yote.

"Shemeji, msome na mama yake," alisema. "Mimi nilimlea tu."

Fredrick alimtazama Anatoli. Anatoli akakohoa. Basi Fredrick akaanza upya: "Marehemu Sylvester alikuwa mtoto wa mzee Anatoli na mama Kwandu."

Hapo ndipo Kwandu alipopiga magoti, akaangua kilio.