Saa ya Jua Juu ya Pipa

Uvumi ulitoka Lupaso, ukapanda na wachuuzi hadi Kitangari: kuna kisaa cha shaba, na kila nyumba kilimolala pamepungua mtu. Mama Faidha aliusikia gulioni akajifanya kucheka. Hakulala vizuri. Wiki haijaisha, akakikuta mkononi mwa mumewe.

"Cha kale hiki, nimekitoa Masasi," Halfani alisema. Akakifungua kama kitabu kidogo. Uzi ukanyooka kutoka kifunikoni, kivuli chake kikaangukia kwenye namba. Chini palikuwa na sindano ya dira. "Unakizungusha mpaka sindano ionyeshe kaskazini, basi. Kivuli cha uzi ndiyo saa. Hakitaki betri."

"Watu wanasema, Baba Faidha..."

"Watu wa Lupaso hata jogoo akikohoa wanasema!"

Akakiweka juu ya pipa la bati la kukingia mvua, kavu tangu mwezi wa sita. Maji yalikuwa bondeni tu, na mwaka huo tembo walikuwa wakifika kisimani saa kumi alasiri. Kabla ya hapo kila mtu awe ameshapanda mlima.

Siku moja simu waliyotazamia saa ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Faidha, binti yao wa miaka kumi na mitatu, akachukua ndoo.

"Baba, saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Wahi, mwanangu."

Mama Faidha alikuwa akianua makopa ya muhogo. Akatazama kivuli chake: kimempita urefu.

"Baba Faidha, hiki si kivuli cha saa saba."

"Unabishana na dira? Basi kaendeshe meli!"

Halfani akacheka. Mkewe akarudia makopa yake. Faidha akashuka.

Roho ya Mama Faidha ilikataa kutulia. Akakiinua kile kisaa kutoka juu ya pipa. Sindano ikacheza, ikageukia upande mwingine kabisa. Akakirudisha: ikavutwa tena na bati. Akatupa ungo, akakimbia.

Katikati ya mteremko alisikia miti ikivunjika. Ndoo aliikuta imekanyagwa, bapa kama chapati. Faidha alikuwa amejibana kati ya mawe mawili, mguu umevunjika, macho wazi, haitiki. Hai. Lakini mpaka leo hajasema alichokiona.

Halfani alikifukia kisaa nyuma ya choo. Mama Faidha akachana karatasi ya daftari, akabandika mlangoni:

Usiweke saa ya jua karibu na bati, panga wala jembe.
Usiisome ikiwa imeinama.
Usitume mtoto bondeni kivuli kikishampita urefu.
Usinyamaze ukichekwa.