Fishi ya Osée

Mu Bunia hii hakuna mwanamke anayejua sheria ya vita vya ordinatere, ile kompyuta, kunipita miye Dorothée. Basi, tulikuwa wanawake makumi ine mu sale ya parokia siku ile walipotufundisha, na nusu ya somo nililala. Lakini ile nusu niliyosikia niliishika, maana ilikuwa inanihusu.

Aliyetufundisha ni avoka, mwanasheria kijana, tunamuita Metre Divine, mutoto mwembamba mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya kwetu yalikuwa yamekwisha kuvihukumu. Alisema hata vita iko na sheria. Mwenye kupigana asimuguse asiyepigana. Lopitali iachwe. Mutu aliyetupa silaha na kurudi kwa watu, huyo si adui tena, ni raia kama miye na weye. Na sheria hiyo haiangalii kama ulitumia panga, bunduki ama ordinatere. Ukizima mashini za wagonjwa ukiwa umeketi mbali na kikombe chako cha chai, ni sawa na kuingia mule na moto.

Mama mumoja wa nyuma akauliza kama watu wa msituni walipewa kopi yao ya hiyo sheria. Tukacheka. Mudogo wangu Pétronille hakucheka. Aliketi kando yangu, mikono juu ya mapaja, akingojea nafasi ya kuuliza.

Tulikimbia naye kutoka kijiji chetu cha Fataki. Njiani wenye silaha walimukamata mutoto wake Osée, wakamubebesha mizigo, kisha wakamubebesha bunduki. Miaka miwili. Alipotoroka hakuja Bunia, aliogopa watamutafuta kwetu kwanza. Akajificha Marabo kwa fundi wa mbao anaitwa Honoré, kazi yake ikawa kupiga randa. Aliyejua ni Honoré, na siye dada wawili. Basi.

Kisha shirika moja likaja kuandika wakimbizi, familia kwa familia, ili waliotawanyika wakutane. Kila mutu na fishi yake, karatasi ya kujaza habari zake. Pétronille hakusoma, miye nilifika la tano primere, nikatoka sababu mwalimu alichoka nami, kwa hiyo biro nilishika miye. Akaninong’oneza kwamba kwa Osée niandike amepotea. Nikaitikia kwa kichwa.

Lakini mama aliyetuzaa alikuwa na mwiko wake. Ukitaja jina la mutu aliye hai kati ya waliopotea, lazima umuite palepale kwa sauti, aitike, ndipo uendelee. Asipoitika, umemuweka pamoja nao kweli. Osée alikuwa Marabo, angeitika namna gani? Ningeweza kuwaambia kwamba nilimuandika yuko hai ili watuhesabie sahani moja zaidi ya maharagi, na mungenisadiki, mapua yangu iko ya mutu wa maharagi. Hapana. Mukono wangu ulikataa tu. Nikaandika mahali mutoto alipo.

Mu mwezi wa nane watu wasiojulikana walifungua ordinatere ya lile shirika kutoka mbali, wakaiba orodha yote. Shirika likatangaza, likaomba radhi. Wiki tatu baadaye wanaume wane wakafika Marabo na pikipiki mbili, saa sita ya mchana. Hawakuuliza njia. Mumoja alikuwa anasoma kwenye telefone yake. Walizunguka nyumba ya Honoré mpaka mulango wa nyuma, wakamuita Osée kwa majina yake yote matatu. Akaitika.

Honoré ndiye alipiga sanduku la maiti, mbao zake mwenyewe, na kupakwa vernisi lilipakwa. Siku ya maziko Pétronille akamuambia mbele ya watu wote kwamba aliyeuza mutoto wake ndiye amemuletea na sanduku. Honoré alivaa kofia yake, akaondoka. Miye nilikuwa nimeshika muiko juu ya chungu cha bugali. Niliendelea kusonga.

Ndiyo sababu siku ile mu sale Pétronille alisimama. Aliuliza hivi: mutu akifungua ordinatere akaiba majina, sheria inaita hiyo shambulio?

Metre Divine alivua miwani. Alisema wakubwa wa sheria wangali wanabishana. Wengine wanasema shambulio ni kile kinachovunja, kinachochoma, kinachoua. Orodha iliyoibwa haikuvunjika, iko mahali pake. Wengine wanasema tuangalie kilichofuata.

“Orodha iko pale bado?” Pétronille akauliza.

“Iko, mama.”

“Mutoto wangu ndiye haiko.”

 Miye niliyekuwa nasinzia niliamka kabisa.

Alhamisi iliyofuata Metre alitufuata nyumbani. Akaketi kwenye kitanda cha mianzi, akaeleza taratibu. Kumuua Osée ni kosa kubwa kwa njia yoyote, alikuwa ameacha vita. Lakini yeye anatengeneza dosie ya mashitaka juu ya wale walioiba orodha, na anatafuta uzi: kwamba neno lilitoka kwenye fishi, likaenda kwenye telefone, likafika mulango wa nyuma. Uzi ukionekana, Osée anaingia mu dosie. Usipoonekana, inabaki kusema kuna mutu wa Marabo aliyefungua kinywa, na Osée atabaki nje.

“Basi atabaki nje,” Pétronille akasema. “Fishi iliandikwa amepotea. Ni Honoré. Muulize huyu yaya, dada yangu mukubwa, ndiye aliandika.”

Wakaniangalia wote wawili. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Hapo ningesema. Mulango ulikuwa wazi na miguu niko nayo.

“Niliandika amepotea,” nikasema. “Kama kuna kingine, ni wale wa shirika waliongeza.”

Metre hakubishana nami. Alitoa karatasi mu mufuko wake, akasema ni picha ya fishi yenyewe, shirika limemupa. Akaisoma polepole, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama. Halafu akasema pembeni kuna maneno mengine, herufi kubwa kubwa.

“‘Iko Marabo kwa Honoré fundi wa mbao, chumba cha nyuma. Mukienda mumupelekee blanketi. Tangu kuzaliwa anasikia baridi ya miguu.’”

Jani la sombe lilibaki mukononi mwangu. 

Pétronille hakulia. Alinisogelea mpaka magoti yetu yakagusana.

“Yaya, wale wa shirika walijua miguu ya Osée namna gani?”

“Labda weye uliwaambia,” nikasema. “Siku ile. Umesahau.”

“Siku ile sikuwaambia neno hata moja. Ulinikataza. Ulisema niache, utasema weye.”