Ukurasa Usiopiga Hodi

Mwalimu wa kutengeneza kurasa za mtandao alikuwa na masomo manane yaliyopangwa yakapangika: la kamera, la ramani, la kuhifadhi, la arifa, na kadhalika, kila moja kivyake. Mkuu wa chuo aliyasoma yote akashika tama. Alisema hajawahi kuona mtu akiamka asubuhi na hamu ya arifa. Alitaka kazi moja ya kweli inayounganisha hayo yote, na kesho saa sita mchana aone kwa macho yake mtu asiyejua programu akiimaliza. La sivyo, kozi angepewa Bwana Slaidi, ambaye aliwahi kufundisha wiki nzima bila mwanafunzi kugusa kompyuta.

Kozi hiyo mwalimu aliipigania miaka miwili. Akajifunga kibwebwe, akaandaa ukurasa wa fundi cherehani: kuandika vipimo, kupiga picha ya kitambaa, kumtumia mteja ramani ya duka, kukumbusha siku ya kuchukua nguo. Asubuhi akaupeleka kwa shangazi yake, fundi mwenyewe, mtu asiyemung'unya maneno.

Shangazi akaufungua. Kabla hajaona chochote, simu ikaomba kamera. Akakataa. Ikaomba kujua mahali alipo. Akakataa. Ikaomba kumtumia arifa. Akakataa kwa kidole kizito zaidi, ukurasa ukabaki mweupe pe.

"Shangazi, si ungeruhusu tu?"

"Nimruhusu nani? Hata hodi hajapiga, anataka kuniangalia, kujua nilipo, na kunipigia kelele. Mteja wa hivyo ningemtoa kwa ufagio."

Mwalimu akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Ndivyo alivyofundisha miaka yote: omba ruhusa zote mwanzoni, yaishe. Akaketi juu ya rundo la vitambaa, akaupangua mpango wote. Vipimo vikaja mbele, vikihifadhiwa humo humo kwenye simu hata mtandao ukikatika. Kamera ikangoja kitufe cha picha, ramani ikangoja mteja aulize njia, arifa ikangoja tarehe. Mwisho akaingia kwenye mipangilio akafuta makatazo yote ya shangazi, ili simu iweze kumuuliza upya.

Mkuu alifika dukani kwa shangazi saa sita kamili na kumkuta mteja wa kweli kamtangulia. Shangazi alikuwa na futi ya kupimia shingoni na simu mkononi. Akaandika kiuno, akaandika mabega, akapiga picha ya kitambaa, akatuma ramani, akaweka Alhamisi; kila simu ilipoomba ruhusa, alibonyeza ndiyo bila kusita. Mwalimu alitaka kuichukua simu amwonyeshe mkuu. Shangazi akamwambia asubiri, yuko kazini.

Mteja alipoondoka, mkuu akauliza kama yale maombi ya ruhusa yalimsumbua.

Shangazi alikuwa tayari anatunga uzi kwenye sindano. "Ruhusa gani?"

Mkuu akatoa kalamu, akaandika jina la mwalimu kwenye ratiba.