Mbwa Aliyeitwa Siulizwi

Mwarandu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa. Mtu mbaya angelala usingizi.

Alikuwa seremala wa Frere Town, huko Kisauni, mwenye baiskeli, shamba la mihogo, na mbwa wa rangi ya kahawia aliyemwita Siulizwi. Kwao mbwa hupewa jina la kumsemea jirani mwenye domo, na jina hilo lilikuwa limefanya kazi yake vizuri. Mwaka wa pili baada ya vita, kichaa cha mbwa kiliingia Kisauni, na serikali ikatoa amri: kila mbwa avae kibati shingoni na afungwe usiku na mchana, atakayeonekana njiani apigwe risasi, na mwenyewe ashtakiwe. Mwarandu alimfunga wake wiki tatu. Kisha nguruwe mwitu wakaingia shambani, wakafukua matuta mawili ya mihogo, naye akajiambia yale wanayojiambia watu wote: siku moja haidhuru. Alfajiri akamfungua kamba.

Alfajiri iyo hiyo Bi Dhahabu, mjane wa makamo ya mama yake, alipita kando ya shamba na kapu la mahamri kichwani. Mbwa akamtokea nyuma, akamng'ata shavu la mguu, akatimka. Mwarandu alisikia ukelele. Aliliona kapu chini, akamwona na mbwa wake akirudi mbio. Hakutoka. Alimfunga mbwa kwanza, akamfuta mdomo kwa jani la mgomba, ndipo akaenda kuuliza, "Kuna nini, mama?"

Bi Dhahabu hakuwa amemwona mbwa vizuri. Wa kahawia, alisema, na mbwa wa kahawia walikuwa wamejaa Kisauni nzima. Askari alipita nyumba hadi nyumba, akakuta kila mbwa kafungwa. Alileta na maneno ya daktari: mbwa akipatikana ataangaliwa siku kumi, na asipopata kichaa, mama hana haja ya dawa. Asipopatikana, ni sindano kumi na nne za tumboni, moja kila siku. Watu walinyamaza kwa kuwa hawakujua. Mwarandu alinyamaza kwa kuwa alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata: Kache mkewe alimtazama, akaingia jikoni.

Jioni ile Mwarandu alikwenda kwa Bi Dhahabu akajitolea kumpeleka hospitali kwa baiskeli, siku zote kumi na nne. Alidhani mzigo ungepungua. Badala yake watu walimsifu, na Jumapili kasisi akamtaja mbele ya kanisa zima kuwa mfano wa jirani mwema. Mwarandu aliinamisha kichwa, nao wakasema, tazama na unyenyekevu wake.

"Shikamoo, mama," alisema kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

Akakaa kwenye keria, buibui kalikusanya mkononi, wakavuka daraja la kuelea hadi mjini. Siku ya tano tumbo la mama lilikuwa limevimba hata hakuweza kuinama mekoni, na mahamri yakakoma. Siulizwi naye alikula akanenepa. Kila alfajiri Mwarandu alimwendea kwa hofu kumtazama kama anakunywa maji, akifurahi kumwona mzima na kuionea haya furaha yake. Siku ya kumi ikapita bila kichaa. Sasa alijua kwa yakini kwamba sindano zote zilikuwa za bure. Siku ya kumi na moja akampeleka vilevile.

Siku ya kumi na mbili walipofika darajani, Bi Dhahabu aliomba washuke kidogo, kama alivyoomba kila siku. Mwarandu alikuwa akidhani anapumzika.

"Mbona wayatazama sana maji, mama?"

"Wasema mwenye kichaa huogopa maji," alisema Bi Dhahabu. "Kila niamkapo natia maji bakulini, nikayatazama nione kama naogopa. Hapa nayatazama tena, maana ni mengi. Wallahi, mwanangu, sasa sijui kuogopa maji ni kupi, kwani naogopa kila kitu. Mjukuu wangu nimempeleka Mjambere kwa Faki mwanangu, nisije nikamuuma usingizini. Tangu siku ile sijamshika."

Mwarandu alikuwa amejiandalia sababu nyingi za kunyamaza, na mjukuu hakuwamo hata katika moja.

"Mbwa ni wangu," akasema. "Nilimfungua mwenyewe, kwa ajili ya nguruwe. Ni mzima."

"Mzima? Ala na kunywa?"

"Ala na kunywa."

"Alhamdulillahi." Akajifunika uso kwa buibui, akalia kwa furaha, na Mwarandu, mjinga yule, akathubutu kupumua. Kisha buibui likashuka.

"Tangu lini wajua?"

"Tangu asubuhi ile. Kabla sijaja kukuuliza kuna nini."

Bi Dhahabu alifuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Mbwa aliniuma mara moja, Mwarandu. Hana akili, nimemsamehe. Wewe umeniuma mara kumi na moja, na kila mara nilikuombea dua."

Hakumwita mwanangu. Mwarandu alishika baiskeli akamsogezea keria, lakini yeye akatikisa kichwa.

"Mimi naenda kwa daktari kwa miguu yangu. Wewe rudi, nenda Mjambere, mwambie Faki amrejeshe mtoto. Atakuuliza kwa nini arejeshwe leo, na sindano hazijesha. Umwambie wewe, kwa kinywa chako."

Akaondoka akichechemea, mkono mmoja tumboni. Mwarandu alijua kwamba akisikia Faki atasikia askari, na kwamba kabla ya jua kuzama mbwa wake atakuwa amekufa. Akageuza baiskeli. Keria ilikuwa tupu, na bado alipanda polepole, kwa mazoea ya siku kumi na mbili.

Faki alimfungulia mlango kwa uso mkunjufu. "Karibu, ndugu yangu. Mungu atakulipa kwa unayomfanyia mama."

Mwarandu akaegemeza baiskeli ukutani, akaanza na jina la mbwa.